Masanduku Sitini na Mawili kutoka Makao Makuu

Jumamosi, 2 Machi

Leo tumefundishwa madaraka siku nzima, katika ukumbi wenye feni tatu, moja inazunguka na mbili za mapambo. Mtoa mada ametoka makao makuu na shati la mikono mirefu lililomtesa tangu asubuhi. Alichora duara kubwa juu ya ubao, ndiyo wizara, na viduara vidogo chini, ndizo wilaya. Kisha mishale. Zamani mishale ilipanda, sisi tukiomba vibali. Kuanzia mwezi huu inashuka: walimu, zahanati, visima, barabara ndogo, yote tutaamua wenyewe hapahapa. Huo ndio ugatuzi, akasema, na akatutaka tulitamke neno hilo wote kwa pamoja.

Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Yakishafika hayo madaraka, yanapokelewa kwenye daftari gani?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Sekretari wa mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mimi sikuwa natania. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika masjala ya wilaya, na hakuna karatasi inayoingia ofisi ile bila kupewa namba, hata iwe mwaliko wa harusi. Nina ugonjwa wa kutaka kujua, na sasa nataka kujua hili: mamlaka yakihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kinachohama hasa ni nini?

Mtoa mada alitushauri kila mmoja aweke shajara ya mabadiliko haya. Nadhani nimemtii peke yangu.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la masjala linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata jibu. Madaraka yanahama kwa lori.

Lilifika saa tano asubuhi, turubai limelowa, dereva amenuna. Dereva huyu ni wetu, tunamwita Haraka kwa sababu hajawahi kufika popote kwa wakati. Alitumwa makao makuu siku nne zilizopita, na amerudi na masanduku sitini na mawili ya mbao. "Haya, pokea mamlaka yako," akaniambia, "na unisainie kabla mgongo haujakatika."

Ndani kuna mafaili yote ya wilaya yaliyokuwa wizarani: watumishi, visima, mipaka, maombi ya miaka nenda rudi. Nikasaini. Kwenye daftari niliandika "masanduku 62, hali nzuri, manne yamelowa". Sanduku la mwisho lilikuwa na muhuri mpya wa mkurugenzi, umefungwa kwenye gazeti. Sekretari aliujaribu kwenye kiganja chake, na ulikuwa bado haujafutika tulipotoka kazini.

Alhamisi, 14 Machi

Haya ni ya kuandikwa. Wiki iliyopita mlango wa shule moja hapa mjini uling'oka. Afisa elimu, badala ya kumwita fundi, aliandika barua makao makuu kuomba kibali cha kununua mlango. Leo wamejibu kwa mstari mmoja: mamlaka ya milango ni yenu sasa. Afisa elimu aliisoma mara tatu, akanikabidhi niifaili. Baada ya chai akarudi na barua nyingine ya kutuma huko huko, akiuliza kama ile barua yao inaweza kutegemewa.

"Mzee," nikamwambia, "si wamekwambia uamue?"

"Ndiyo. Lakini nataka waniambie vizuri."

Nilicheka, halafu nikaacha. Mtu aliyeomba ruhusa miaka ishirini na mitano hawezi kuamka asubuhi moja akawa mwenye mlango.

Jumatano, 20 Machi

Nimeongea na mke wangu. Yeye ni mwalimu katika wilaya jirani, upande wa pili wa milima, safari ya saa tisa barabara ikiwa na huruma. Alipangiwa kule mwaka wa tatu wa ndoa yetu, na huu ni mwaka wake wa tisa huko. Binti yetu alizaliwa kule, anaishi na mama yake, ana miaka minane. Likizo za shule wanakuja wao. Mimi nimekwenda mara mbili tu, kwani likizo yangu kila mara niliipanga wakati wao wako hapa, tukae nyumbani. Kila Januari mke wangu ameandika kuomba uhamisho, na kila mwaka akaniambia kwa simu, "Wamekataa tena." Basi mimi huwatukana makao makuu. Nimewatukana kwa mpangilio mzuri, mwaka hadi mwaka, mpaka ninayo matusi ya Januari na matusi ya Juni.

Leo nilimpa habari njema. Nilimwambia mambo ya uhamisho hayaendi tena huko, yanaamuliwa wilayani, na mafaili yote yameshushwa.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika, maana ili aongee lazima asimame kando ya tangi la maji la shule. Halafu akauliza, "Mafaili yote? Na ya walimu?"

"Ya walimu, ya visima, ya mipaka. Yote."

"Sawa," akasema. "Huku kunanyesha, nitapiga siku nyingine."

Kwetu mvua ilikuwa imekatika. Pengine kwao ilikuwa inanyesha.

Ijumaa, 22 Machi

Makao makuu hawakugawa mafaili kwa kituo cha kazi. Wameyagawa kwa anwani ya nyumbani! Kwa hiyo mwalimu aliyezaliwa hapa akafundisha kaskazini, faili lake limeletwa hapa. Na mganga wetu mkuu, aliyezaliwa kaskazini, kwa sasa hayupo popote kwenye makaratasi yetu. Amekasirika sana. Nimeanza kuyatenga ya wilaya jirani. Yanajaa masanduku matatu.

Jumatano, 27 Machi

Naandika haya nimekaa jikoni, chakula sijagusa.

Karani wa masjala husoma jalada, hasomi barua. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza na aliyenitangulia, na nimelishika hata kwa mafaili ya watu ninaowachukia. Namba, jina, tarehe, rafu. Kilicho ndani ni cha wenyewe.

Saa nane mchana nilitoa faili la hamsini na kitu kwenye sanduku la tatu la wilaya jirani, na jina juu yake lilikuwa la mke wangu. Bila shaka limekuja hapa, anwani yake ya nyumbani ni nyumba ninayokaa. Nililiweka mezani. Nikapanga mengine kumi. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikajiambia nataka tu kuona wanavyokataa, yaani maneno wanayotumia, maana miaka tisa nimewachukia watu ambao sijapata kuona hata mwandiko wao.

Nikafungua.

Mwaka wa kwanza, ombi lake: mistari sita, mwandiko wake wa ubaoni. Jibu: linashughulikiwa. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu aliandika kurasa mbili, ametaja mume, ametaja mtoto mdogo. Jibu: limepokelewa. Mwaka wa nne kuna barua ya wizara, yenye muhuri na sahihi: ombi lako la uhamisho limekubaliwa, utaripoti wilaya ya nyumbani ifikapo tarehe moja Mei.

Limekubaliwa. Niliisoma nimesimama.

Nyuma yake kuna barua ya mwisho katika faili lile, ya mwandiko ule ule. "Nashukuru kwa uamuzi huo, lakini naomba usitekelezwe. Nimeanzisha darasa la watoto viziwi. Wako tisa. Nikiondoka hakuna wa kuwafundisha. Naomba kubaki." Kisha hakuna kitu. Mwaka wa tano hakuna ombi. Wa sita, wa saba, wa nane, na huu wa tisa, hakuna.

Ile miaka yote ya "wamekataa tena", hakuna aliyekataa. Tangu mwaka wa nne hakuna hata aliyeulizwa.

Nililiandikia faili namba kama mengine, nikalirudisha sandukuni. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri tu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua kutwa. Sikumpigia.

Ijumaa, 29 Machi

Hakupiga. Najiuliza kama alinipenda na huku anadanganya, au alinidanganya kwa sababu hakunipenda. Sina rafu ya kuweka swali hili.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekumbuka kitu. Darasa lile aliwahi kunisimulia. Alinieleza kuhusu mtoto mmoja aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka kumi na tatu, na mimi nikaitikia, nikamwuliza, "Na hao makao makuu wamejibu nini?" Nakumbuka hata kiti nilichokuwa nimekalia.

Ijumaa, 5 Aprili

Mkurugenzi kaniita ofisini. Ni mama wa makamo, aliletwa kutoka makao makuu mwaka jana, mchapakazi, anatembea haraka. Sekretari alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu, nikajua kuna jambo limepikwa.

"Karani, wenzako wameniambia habari za mkeo. Miaka tisa! Kwa nini hukusema?"

Nikasema sikutaka kusumbua.

"Kusumbua nini? Ndiyo maana ya madaraka kushuka. Nimeongea na mkurugenzi mwenzangu wa kule, tumekubaliana ndani ya dakika tano. Wao wananipa mkeo, mimi nawapa mwalimu wa hesabu. Natoa barua, aripoti hapa tarehe moja Mei."

Sekretari akapiga vigelegele. Nami nikashukuru, kwa sauti, kwa mikono yote miwili. Nitasema kweli kwa kuwa hakuna wa kusoma: nilifurahi. Nilifurahi kwa ubaya. Nilijiambia, atakuja sasa, apende asipende, na wala sitakuwa nimenyoosha kidole.

Jumapili, 7 Aprili

Furaha ile haikufika hata Jumapili.

Jumatatu, 8 Aprili

Masanduku matatu lazima yarudishwe kwa wenyewe. Kwa kawaida anakwenda Haraka peke yake na hati ya makabidhiano. Nikamwambia mkurugenzi safari hii niende mimi nayo, mafaili ya watumishi si mzigo wa kumwachia dereva. Akanikonyeza kwamba ameelewa nakwenda kumpa mke wangu habari. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 11 Aprili

Tulitumia saa kumi na nne. Haraka alisimama kuangalia kila daraja kabla ya kulivuka, na mara mbili alishuka kulipiga teke kwanza. "Mamlaka ya daraja hili ni ya nani sasa?" akaniuliza. Nikasema nusu yetu, nusu yao. "Basi tupite upande wetu," akasema.

Tulilala mjini kwao. Asubuhi nilikabidhi masanduku, nikasainiwa, halafu nikaenda shuleni kwa miguu.

Sikumwambia nakuja. Nilisimama dirishani mwa darasa la mwisho, nikaangalia. Watoto kumi na wanane, wameketi nusu duara ili kila mmoja amwone mwenzake. Hakuna aliyesema neno, na bado lilikuwa darasa la fujo kuliko yote: mikono inaruka, mtu anabishana, mtu anacheka. Mke wangu alikuwa katikati yao, anaeleza kitu kwa mikono na mabega na nyusi. Nimekuwa mume wa mwanamke huyu miaka kumi na mbili, na sijapata kumwona akiongea namna ile. Binti yetu alikuwa pembeni, amekuja wakati wa mapumziko ya darasa lake, naye anaongea hivyo hivyo, upesi upesi.

Mtoto mmoja akaniona, akamwonyesha mwalimu wake. Mke wangu akageuka. Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akatoka.

Tulikaa kwenye ngazi za tangi la maji.

"Umesoma faili," akasema.

"Nimesoma."

"Hukustahili kulisoma."

"Najua. Kwa nini hukuniambia?"

"Mwaka ule waliponikubalia nilisema nitakuambia ukija. Hukuja. Halafu ukawa unawatukana wale watu kwa raha sana, mume wangu, nikaona bora uwachukie wao kuliko unichukie mimi. Kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Ni makosa yangu, wala sikwepi."

"Miaka mitano!"

"Miaka mitano. Na katika hiyo yote hukuniuliza hata siku moja nataka nini. Uliuliza wamejibu nini."

Nilitaka kubisha. Nilitafuta kichwani siku moja, simu moja, likizo moja, niitoe kama ushahidi. Mimi ninayepata karatasi yoyote kwa dakika mbili, sikuipata.

Nikamwambia kuhusu barua ya mkurugenzi. Hapo ndipo alipolia, si kwa kelele. "Yaani wamekubaliana? Watu wawili, kwenye simu? Na hawa watoto nimwambie nani awaeleze?" Akaniangalia. "Wewe ulisemaje?"

"Nilishukuru."

Akainuka, akarudi darasani. Kipindi kilikuwa hakijaisha. Binti yetu ndiye aliyenisindikiza mpaka getini, akanifundisha ishara ya kuaga, na akanisahihisha mara mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Nimerudi. Haraka aliniacha nikae kimya njia nzima, jambo ambalo sikulitegemea kwake.

Jumatatu, 15 Aprili

Barua ilikuwa kwenye trei yangu. Imesainiwa, ina muhuri mpya, inasubiri namba tu. Bila namba haiwezi kutoka, na anayetoa namba ni mimi. Niliiangalia asubuhi yote. Kumbe haya ndiyo madaraka niliyokuwa nayatafuta kwenye masanduku: karatasi moja mezani, na mtu mmoja unayemjua, wa kumfikiria kabla hujaipitisha.

Nikaipeleka kwa mkurugenzi.

"Bosi, barua hii siwezi kuipa namba."

"Kwa nini? Kalamu imeisha?"

"Kila barua ya uhamisho inajibu ombi. Hakuna ombi. Mhusika hajaomba."

"Si wewe mumewe unaomba?"

"Mimi si mwalimu, bosi."

Akavua miwani. Nikamweleza yote, hata lile la faili, na nikamwambia anaweza kuniadhibu kwa hilo. Hakuniadhibu. Alikasirika kwa jambo lingine. "Nimefanya wema hapa. Nilikotoka, barua yako ingesainiwa na mtu asiyejua hata kama una mtoto. Mimi nawajua!"

"Ndiyo, bosi. Yule asiyetujua alisubiri aombwe. Na alipoombwa aache, akaacha."

Nilidhani nimevuka mpaka. Akaichana barua mara moja, katikati, akanirudishia vipande viwili. "Hivyo navyo utavifaili?" akauliza.

Nimevifaili.

Jumatano, 17 Aprili

Sikulala vizuri, nimeamka na jambo ambalo miaka tisa halikunipitia akilini hata kwa bahati mbaya. Wilaya ile nayo ina masjala. Tena nimeiona. Iko ovyo kabisa.

Nimeandika barua ya kwanza ya maisha yangu ya kazi inayonihusu mwenyewe. Naomba uhamisho. Mistari sita.

Mkurugenzi akaisoma, akacheka kwa uchungu. "Na huyu sekretari atajua faili liko wapi?"

"Nitamfundisha. Miezi mitatu."

"Acha hapa. Nitaongea na wa kule."

Nilitoka natembea kama kijana. Paa linavuja, wala sijali.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimempigia mke wangu kumwambia. Nilieleza kwa furaha, bila kuvuta pumzi: naja mimi, barua iko mezani, miezi mitatu tu.

Kimya. Safari hii nilijua si mtandao.

"Umeshaandika?" akauliza.

"Jana."

"Na mimi unanijulisha leo."

Akakata simu.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeomba nirudishiwe barua yangu. Mkurugenzi alinitazama, akamtazama sekretari, wakacheka wote wawili mpaka wakashikana. "Karani," akasema, "wizara nzima haijanichosha kama nyumba yako." Lakini alinipa.

Jioni nikampigia tena. Nikasema, "Sijaomba chochote. Hakuna barua mahali popote. Nauliza tu: unataka nije?"

Ilikuwa sentensi fupi na ilinitoa jasho.

Akasema, "Nipe mpaka Jumapili. Hapa siko peke yangu."

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua ndogo. Nimesafisha nyumba ambayo haikuwa chafu.

Jumapili, 21 Aprili

Amepiga saa nne. Nyuma yake nilisikia maji yakijaa tangini.

"Tumekaa, tumezungumza, mimi na binti yako," akasema. "Njoo. Lakini usije kama mwenye nyumba. Nyumba hii ina utaratibu wake, na sisi wawili ndio tuliouweka. Utaanza kama mgeni."

Nikasema sawa. Nikauliza, kwa kuwa nina ugonjwa wa kutaka kujua, ugeni huo utachukua muda gani.

Wakanong'onezana kidogo huko, au labda walitumia mikono, sikuweza kuona. Kisha akarudi kwenye simu.

"Tutakuambia," akasema.